Maswali ya Wasomaji: Kunadi Sera Msimu wa Korosho

SWALI: Nagombea udiwani kata ya vijijini. Wenzangu wanaahidi kupandisha bei ya korosho. Nikinyamaza naonekana sina sera, nikiahidi najua naongopa. Nisemeje? – Mgombea, Tandahimba

JIBU: Bei usiiguse. Korosho zinakusanywa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), zinapelekwa ghala kuu, zinaingia mnadani, na wakulima ndio wanaokubali au kukataa bei ya mnunuzi. Diwani hana kiti pale. Kiti chake kiko Baraza la Madiwani, linalopitisha bajeti ya halmashauri, na kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo yeye ndiye mwenyekiti.

Kwa hiyo watoe watu kwenye bei, wapeleke kwenye ushuru. Halmashauri inatoza asilimia 3 ya thamani ya mazao ya biashara, na anayelipa ni mnunuzi. Piga hesabu hadharani, taratibu: kilo ikienda Sh 3,000, ushuru ni Sh 90; kijiji kikiuza tani 200, ni Sh milioni 18. Halafu onyesha kwa kidole boma la zahanati lililoishia kwenye lenta, useme utalipigania liingie kwenye vipaumbele vya kata kabla ya bajeti inayoanza Julai. Kitu kimoja kwa kila kijiji kinatosha. Wanaotaja kumi hawakumbukwi hata kwa kimoja.

Tahadhari: usiseme milioni 18 zote zitarudi kijijini. Mapato hayo ndiyo yanayoendesha halmashauri, na asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa kwa mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mpinzani anayejua hesabu atakuumbua palepale. Habari ya mikopo hiyo ihifadhi uizungumzie kwenye kijiwe cha bodaboda, maana huko swali la kwanza ndilo hilo.

SWALI: Mikutano yangu ya saa 4 asubuhi inahudhuriwa na watoto tu. Spika nazo zinapiga mluzi. – Wakala wa mgombea, Mtama

JIBU: Septemba na Oktoba saa hizo watu wako chini ya mikorosho wanaokota. Omba mapema nafasi ya saa 9 alasiri, ratiba ya kampeni inapopangwa na msimamizi wa uchaguzi, kwa sababu kila chama kinaitaka na mwisho wa mikutano ni saa 12 jioni. Ijumaa usipange chochote kinachogongana na swala. Asubuhi zipeleke nyumba kwa nyumba, au karibu na ghala la AMCOS: mtu anayesubiri gunia lake lipimwe ana muda wa kukusikiliza kuliko aliyesimama juani.

Mluzi unatokea maiki inaposikia spika yake yenyewe. Spika ziwe mbele ya msemaji, zikitazama watu, na msemaji asishuke kwenda kusimama mbele ya spika hizo. (Wengi hushuka wakishangiliwa.) Jenereta iwe nyuma, mbali kadiri waya unavyofika.

SWALI: Ubwabwa baada ya mkutano ni kosa? – Msomaji, Kilwa

JIBU: Kwa wapiga kura, ndiyo. Kinga ya takrima (ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, ambao sheria iliuruhusu) ilifutwa na Mahakama Kuu mwaka 2006, na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inakataza kushawishi kura kwa chakula au zawadi. Cha timu yako ya kampeni ni gharama halali. Tunza risiti, utazihitaji kwenye taarifa ya gharama za uchaguzi.