Mwaka uliozaliwa

Mwanangu,

Sisi hatujambo, baba yako anaendelea vizuri na goti lake. Ujumbe wako nimeusoma. Unasema umekuta orodha ya filamu na nyimbo zilizotamba mwaka 1994, mwaka uliozaliwa, ukajiuliza sisi huku Dodoma tulikuwa tunaangalia nini na kusikiliza nini. Halafu mwishoni ukauliza kama habari za Rwanda tulizipata. Ngoja nianze na mepesi.

Hiyo The Lion King iliyo juu kwenye orodha yako ilitoka Juni, ikaongoza duniani kwa mapato. Mtaani kwetu hakuna aliyeiona mwaka ule. ITV ilianza 1994 hiyohiyo, lakini ilikuwa ya watu wa Dar es Salaam. Sisi tulikuwa na vibanda vya video: deki, jenereta inaunguruma nyuma ya mabati, mikanda ya Kihindi na ya Bruce Lee, yote ya miaka ya nyuma. Vijana waliijua kila ngumi kabla haijarushwa, na bado walilipa kiingilio.

Muziki ndio tulioupata kwa wakati, maana ulikuja na redio. RTD, redio ya taifa, walitupigia bendi za Mlimani Park, Maquis, OTTU Jazz. Betri zikiisha tulizianika juani juu ya bati, zikapata nguvu ya taarifa ya habari moja. Kulikuwa na wimbo mmoja ambao redio haikuupiga, Mambo kwa Soksi wa Remmy Ongala, kwa sababu ulihimiza kondomu waziwazi. Ulienea kwa kaseti, mpaka kwenye mabasi. Huwezi kujua uzito wake mwanangu. Tulikuwa tunazika vijana, dawa za kurefusha maisha hazijafika, na msibani ugonjwa hautajwi. Remmy aliutaja mbele za watu huku wanacheza. Mimi namheshimu kwa hilo kuliko nyimbo zote za kwenye orodha yako.

Sasa Rwanda. Ndiyo, tulizipata, na tulizipata mapema. Usiku wa Aprili 6 ndege iliyowabeba Rais Habyarimana wa Rwanda na Rais Ntaryamira wa Burundi ilitunguliwa Kigali, ikitokea Dar es Salaam. Mchana wake walikuwa wageni wa Rais Mwinyi kwenye mkutano wa kutafuta amani. Walitoka kwetu wakaenda kufa, na kesho yake mauaji yakawa yameshaanza.

Mwezi huohuo Afrika Kusini walipiga kura. Kura ilianza Aprili 26, siku ambayo sisi tulikuwa tunaadhimisha miaka 30 ya Muungano. Usidhani ilikuwa habari ya mbali. Kongwa yetu hii, tangu 1964, ilikuwa na kambi za wapigania uhuru: FRELIMO ya Msumbiji, SWAPO ya Namibia, ANC ya Afrika Kusini na wengine. Bibi yako aliwauzia kuku na maziwa, akawajua kwa majina yao ya kambini. Mandela alipoapishwa Mei 10, bibi yako alikaa karibu na redio amejifunika khanga, analia bila kujificha. Wale vijana aliowauzia maziwa hakujua nani amebaki hai.

Nataka ulielewe hili: ilikuwa taarifa ya habari moja. Msomaji alianza na foleni za wapiga kura Johannesburg, akamaliza na Rwanda. Aprili 28, foleni zile bado zipo, watu walianza kumiminika kutoka Rwanda kwenye daraja la Rusumo, mpakani, kuingia Ngara kwetu Tanzania. UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, walikadiria zaidi ya laki mbili kwa muda wa siku moja tu. Na wiki moja kabla, Aprili 21, Baraza la Usalama lilikuwa limeamua kupunguza askari wa Umoja wa Mataifa kule Rwanda wabaki 270. Watu wanachinjwa, walinzi wanaondolewa. Hilo linaniuma mpaka leo. Sikubaliani na wanaousimulia mwaka ule kama mwaka wa Mandela peke yake, wala na wanaoukumbuka kwa Rwanda tu. Tuliyabeba yote mawili kwa pamoja, na furaha ile haikuwa dhambi.

Unajua nini kiliileta Rwanda mpaka jikoni kwangu? Samaki. Maiti zilikuwa zinashuka na Mto Kagera mpaka Ziwa Victoria. Pale soko la Majengo kulikuwa na mama muuza sangara wa kukausha aliyeletewa mzigo na treni kutoka Mwanza. Meza imejaa, hakuna anayesimama. Anainua kipande, anakivunja katikati, anatuonyesha nyama ilivyokauka: huyu ni wa zamani, huyu ni wa kabla ya Aprili! Wanawake tulipita. Mimi nilikuwa na mimba yako, nilipita pia. Baadaye chakula cha wakimbizi kikawa kinapita hapa stesheni, behewa baada ya behewa, kuelekea Isaka.

Desemba Mzee Malecela wa kwetu akatoka kwenye uwaziri mkuu, akaingia Cleopa Msuya. Dodoma hatukuongea kingine mpaka mwaka mpya.

Baba yako amesoma hapa begani kwangu, anasema nimeacha Kombe la Dunia. Haya: Roger Milla alifunga bao kule Marekani akiwa na miaka 42, na Nigeria waliifunga Bulgaria 3–0 kabla ya Italia kuwatoa. Mengine atakusimulia mwenyewe.

Ukipata likizo, njoo na gari tukupeleke Kongwa. Makaburi ya wapiganaji bado yapo, na bibi yako amekuwa akiomba apelekwe. Niambie mapema nimwandae.

Mama yako