Presha ya baba inapanda na kushuka baada ya kiharusi: je, nimwongezee kidonge?

Swali: Daktari, baba yangu alipata kiharusi mwezi uliopita, tukamfikisha hospitalini Kisumu mapema, akadungwa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Usiku ule presha ilikuwa 172/96 na wauguzi hawakuishusha. Sasa tuko nyumbani Ahero. Asubuhi, akitoka tu choo cha nje, nampima mkono uliopooza napata 168/94. Jioni mpwa wangu humpima mkono mzima na kupata 124/70. Anameza amlodipini, dawa ya kushusha presha, kila asubuhi. Je, nimwongezee kidonge presha inapopanda?

Jibu: Dada, usimwongezee. Amlodipini hufikia kilele cha nguvu yake saa 6 hadi 12 baada ya kumezwa, na hukaa mwilini zaidi ya siku moja. Kidonge unachompa saa moja asubuhi kwa sababu ya ile 168 kitamkuta jioni akiwa na 124, na mzee mwenye mguu dhaifu akishikwa na kizunguzungu anapoinuka, ataanguka.

Wauguzi wale hawakuzembea. Baada ya ile dawa ya kuyeyusha damu, presha hutakiwa ikae chini ya 180/105 kwa saa 24, kwa kuwa ikizidi hapo hatari ya damu kuvuja ubongoni huongezeka. Ndiyo maana hupimwa kila dakika 15 kwa saa 2 za kwanza, kila dakika 30 kwa saa 6 zinazofuata, kisha kila saa. Chini ya mpaka huo hakuna haraka, maana sehemu ya ubongo inayozunguka jeraha huwa imepoteza uwezo wa kujirekebishia mtiririko wa damu na hutegemea presha ya mwili, hivyo kuishusha kwa pupa ni kuinyima damu.

Tofauti unayoiona nyumbani naishuku kwanza kwa sababu ya upimaji. Mkono uliopooza huweza kudanganya, kutegemea kama misuli imelegea au imekakamaa, na mtu aliyetoka kutembea hana presha ya mtu aliyetulia. Mpimeni mkono mzima tu, akiwa ameketi dakika 5 ameegemea kiti, miguu ikikanyaga sakafu, mkono mezani usawa wa moyo, mkanda ukigusa ngozi wala si sweta, na nusu saa iwe imepita tangu anywe chai. Pasiwe na mazungumzo, jambo ambalo najua ni gumu nyumba ikiwa na wageni waliokuja kumjulia hali. Pimeni mara mbili, mkipumzika dakika 1 katikati, asubuhi kabla ya dawa na jioni kabla ya chakula, kwa siku 7, na mwandike kila namba, hata ile isiyowapendeza.

Daktari wake ataangalia wastani, ambao kwa kawaida tunataka uwe chini ya 130/80. Asubuhi ikiendelea kuwa juu, yeye ndiye atakayebadilisha saa ya dawa au kuongeza ya aina nyingine. Mwambie pia kama mzee hukoroma na kukatika pumzi usingizini, kwani hilo hupandisha presha.

Ukipata 180/120 au zaidi naye hana dalili yoyote, rudia baada ya dakika 5, na ikibaki hapo mpigie daktari siku hiyo hiyo. Lakini mdomo ukienda upande, maneno yakikwama, udhaifu ukiongezeka au kichwa kikimuuma ghafla kwa ukali, acha mashine, mkimbizeni hospitalini.