Picha za nyeusi na nyeupe: kabla ya kununua printa, hesabu aina za wino mweusi kwanza

Watu wananiuliza sana, mbona picha ya nyeusi na nyeupe kwenye simu iko poa kabisa halafu ikiprintiwa inatoka na ukijani, au mashavu ya bibi harusi yamekuwa ya zambarau? Jamani, mara nyingi shida sio picha, shida ni printa haina kijivu. Chukua Epson L805 ambayo utaikuta kwenye stationari kibao, ina chupa 6 za wino, nyeusi ni moja tu na zilizobaki zote za rangi, sasa hicho kijivu itakitoa wapi? Inachanganya rangi mpaka zifanane na kijivu, na moja ikizidi kidogo tu imekula kwako.

Kwa hiyo ukienda dukani usidanganywe na idadi ya rangi, uliza kuna wino mweusi na kijivu wa aina ngapi. Epson SureColor P700 ina wino 10, humo kuna nyeusi ya glosi (karatasi inayong'aa), nyeusi ya mati (karatasi isiyong'aa), kijivu na kijivu hafifu, na kwenye setingi zake kuna sehemu maalum ya nyeusi na nyeupe ambayo inategemea hizo zaidi, rangi inaonja tu kurekebisha. Bei yake sasa, tuiache. Kama mfuko haujakaa sawa angalia Epson ET-8550, ni ya kujaza chupa na moja ni ya kijivu.

Halafu kuna hili la aina mbili za wino, dai (dye) na pigmenti. Dai inazama ndani ya karatasi, kwenye glosi inatoka tamu sana, weusi umekolea, ila mwanga na hewa vinaila taratibu, na kwetu huku pwani unyevu nao haujambo. Pigmenti ni chembe zinazokaa juu ya karatasi, zinadumu zaidi, ila kwenye glosi ukiilaza picha kidogo unaona sehemu zenye giza zinang'aa kama shaba, inakera kweli. Mi pigmenti naipeleka kwenye karatasi ya mati ya pamba, basi. Na usichanganye weusi, ule wa mati ukiupiga kwenye glosi haushiki, ukipitisha kidole unatoka nao.

Kabla ya kuprinti kubwa tengeneza kamstari ka vijivu kuanzia nyeupe mpaka nyeusi, kaprinti, kaache kakauke mpaka kesho yake, kisha kaangalie chini ya taa halafu utoke nako nje mlangoni. Kuna vipande chini ya taa vilikuwa safi, juani vinakuwa kijani, hapo ujue mchanganyiko wa rangi umezidi. Angalia pia vile vya mwisho upande wa giza, vikigandana vikawa kitu kimoja basi hata nywele za mtu kwenye picha zitatoka bonge moja jeusi.

Labu za dijitali nazo wengi wanatumia karatasi ya rangi, yaani kijivu kinatokana na kuchanganya rangi, kwa hiyo shida ni ile ile kama mashine haijapimwa rangi zake.

Na kama huprinti mara kwa mara usinunue printa ya pigmenti, nozo (vitundu vya kutolea wino) zikikauka kuzisafisha kunakunywa wino kuliko picha zenyewe. Bora upeleke faili kwa mwenye mashine, ukae nae hapo hapo akutolee kipande kidogo kwanza, ukiridhika ndo alipige zima.