Binti yangu wa darasa la tano ana rafiki tajiri wa miaka 78, nimkataze?

Mama wa Nkuhungu, Dodoma, mbukwa! Meseji yako ni ndefu, acha niifupishe ili na wengine waelewe. Una binti wa miaka 11. Mtaani kwenu kuna mzee mwenye hela zake, mkewe alishafariki, ana shamba la zabibu Hombolo na nyumba za kupanga kibao, watoto wake wote wako Dar, na anajulikana kwa ubahili na ukali, hata shikamoo anaiitikia kwa shida. Siku moja binti yako akaenda kugonga geti lake akamwambia, "Babu, tanki lako linamwaga maji na sisi huku tunanunua dumu, kwa nini usituwekee bomba?" We ulivyosikia ukataka kuzimia, ila mzee akacheka, na wiki hiyo hiyo bomba likawekwa nje ya ukuta, watu wanachota bure asubuhi. Toka hapo ndo marafiki. Jioni wanacheza bao, mtoto anamsomea gazeti maana mzee ana mtoto wa jicho, na sasa wanapanga kupanda miti barabara yenu nzima. Watoto wa mzee wamekupigia simu kwa matusi eti umemtuma mtoto akatafute mirathi, jirani yako wa saluni naye anaongea yake, na we unauliza umkataze.

Usimkataze.

Hebu fikiria huyo mzee anaishije. Kila anayegonga geti lake ana shida yake, mpangaji anaomba asogezewe tarehe ya kodi, ndugu anataka ada, dalali kaleta mteja wa kiwanja. Binti yako naye alienda kuomba, sawa, ila aliombea mtaa mzima na hakuogopa kumwambia maji yake yanamwagika. Mtu wa hivyo mzee hajaonana naye miaka. Na mtoto naye kapata mtu mzima anayemsikiliza mipango yake bila kumwambia "kaoshe vyombo kwanza" (samahani, ila umeandika mwenyewe).

Sasa nisikilize vizuri kwenye hili. Huyo mzee mimi simjui, na wewe pia humjui, unamjua kwa sifa tu. Watoto wengi wanaoumizwa wanaumizwa na watu waliozoeleka, sio mgeni wa kwenye basi. Kwa hiyo bao lichezwe barazani, geti likiwa wazi, sio sebuleni, hakuna kupandishwa gari, hakuna zawadi ya kufichwa wala "hii usimwambie mama", na saa 12 jioni mtoto yuko kwako. Na usimtume mtoto akaseme hayo, nenda mwenyewe, kama unaona aibu mchukue mama mtu mzima mmoja anayeheshimika hapo mtaani, mkae, useme, "Baba shikamoo, tunashukuru kwa maji, mtoto wetu anakupenda, ila sisi nyumbani tuna utaratibu wetu," umweleze wote huku mtoto anasikia. Mzee mwenye nia njema ataelewa, pengine hata atakuheshimu zaidi. Akikasirika, hapo umeshapata jibu na urafiki unaishia siku hiyo. Mfundishe binti na namba 116, ni bure, ni ya watoto, na ukiona kabadilika, kawa mkimya au hataki tena kwenda na hasemi kwa nini, usikae kujiuliza, nenda Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi.

Halafu kuna kitu umenichekesha kidogo. Ile ofa ya mzee kumlipia binti ada ya shule ya bweni umeitaja mara tatu, na mara zote tatu umesema "mimi wala sina tamaa". Mama, una tamaa, na sikulaumu, shule za bweni bei zake tunazijua. Ila ukishapokea hiyo hela leo, kesho mtoto akichoka kwenda pale utamwambia nini? Utamsukuma aende, hata kama hutasema. Mwambie mzee asante, tuache kwanza mwaka upite, na kama bado atakuwa na nia basi ailipe moja kwa moja shuleni na watoto wake wajue.

Hao watoto wa mzee nao, jamani, mirathi ya mtu aliye hai inatoka wapi? Ila kwa upande mwingine nawaelewa, maana tangu 2016 Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kweli kweli (uamuzi wenyewe wa 1973, tuliungoja mpaka mvi) viwanja vimepanda bei na kila mzee mwenye eneo kageuka vita ya familia. Mpigie yule binti yake mkubwa, usijibu matusi, mwambie baba yake haoni vizuri na mtoto wa jicho anatolewa kwa upasuaji wa muda mfupi tu, aje ampeleke hospitali. Na mwambie hili pia, binti yako atasoma gazeti tu, hatasoma hati ya kiwanja, barua ya benki wala kushika simu ya mzee kutuma hela. Namba ya siri ya mzee asiijue kabisa! Siku laki mbili zikipotea, wa kwanza kutajwa ni yeye.

Kuhusu miti, hiyo ndo nimeipenda, maana inawatoa hao wawili barazani inawaleta barabarani mbele ya watu wote, na watoto wengine wa mtaa waingie humo humo. Mpelekeni mwenyekiti wa mtaa aonyeshe pa kupanda, isije ikapita greda la barabara likang'oa yote. Wasubiri mvua za Desemba, waanze na michache wanayoweza kuimwagilia mvua zikikata, mwarobaini unavumilia ukame wetu. Na mbuzi wa Nkuhungu hawana adabu, kila mche uzungushiwe miiba siku hiyo hiyo.