Pikipiki isubiri kwanza, mwanangu

Mwanangu,

Salamu kutoka Tanga. Sisi hatujambo, ila mama yako goti linamsumbua. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili, mara ya pili na yeye akiwa pembeni. Unasema umeweka milioni 3, na unauliza umnunulie mtoto wa shangazi yako pikipiki apige bodaboda, au umlipie chuo, kabla kile kijiwe cha mateja hakijammeza.

Kwa sasa usifanye lolote kati ya hayo mawili.

Pikipiki naijua mwisho wake. Leseni hana, na kijiweni wote watajua ana hela mfukoni kila jioni. Miezi mitatu haitaisha, utapigiwa simu, wala haitakuwa ya hesabu ya siku. Chuo ni kizuri, lakini mtoto yule alifeli kidato cha pili akachekwa mtaa mzima. Ukimkalisha mbele ya ubao leo, sare ataivaa wiki mbili.

Unamkumbuka yule kijana niliyekuwa naye kwenye kuchomelea? Kila dirisha alilokata lilitoka fupi. Nilimgombeza, nikamkata hela ya vyuma, na hapo nilikosea. Siku moja nikamwambia apime mlango wa jiko. Akavuta tepu, akaitazama weee, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mzee, hapa ni ngapi?" Namba alizijua. Vile vistari vya katikati ndivyo hakuwahi kuvielewa, alikuwa anakadiria tu kwa kidole. Na darasa la saba kamaliza!

Basi kila jioni tukishazima mashine, robo saa, tepu na chaki sakafuni. Tukaanza na milimita, tukaja kwenye inchi: nusu, robo, thumni. Zile hesabu za sehemu zilizomtoa jasho shuleni akazipatia kwenye bomba la geti. Baadaye nikampeleka VETA, wale wa serikali wa mafunzo ya ufundi, kwa ule utaratibu wao wa kurasimisha ujuzi. Fundi aliyejifunzia mtaani anapimwa anachokijua, anajaziwa anapopungukiwa, kisha anapewa cheti. Kwa cheti kile ndiyo akaajiriwa kwenye ujenzi.

Kwa hiyo huyu wetu aje kwangu. Wewe toa 5,000 kwa siku, nauli na chakula cha mchana, siku 6 kwa wiki. Mwaka mzima haifiki milioni 1 na laki 6. Usidharau hiyo sahani ya wali. Anayejifunza kazi halipwi, na mchana njaa ikimshika, kijiweni kuna wa kumnunulia chipsi, na chipsi zile zina deni. Ila hela nitumie mimi, nimpe mkononi asubuhi akishafika. Saa 2 ikipita sijamwona, namfuata nyumbani kumgongea.

Dada yake hukumtaja, na ndiye anayeninyima usingizi. Alipopata mimba aliachishwa shule. Waraka wa elimu wa 2021 unamruhusu kurudi, lakini anaona haya kukaa dawati moja na watoto. Nimemuulizia vyuo vya maendeleo ya wananchi, hivi vya tangu 1975, enzi za Mwalimu. Siku hizi vinapokea wasichana kama yeye, wanasoma masomo ya sekondari na ushonaji pamoja, na mtoto analelewa palepale chuoni. Ile milioni na kitu inayobaki mwekee yeye. Shangazi yako nitaongea naye mimi, usimpigie kwanza.

Kijana nimemwambia aanze Jumatatu. Akauliza aje na nini. Nikamwambia viatu vya kufunika vidole, hapa kwangu ndala marufuku, cheche zitamuunguza. Akanyamaza, kumbe hana. Anavaa namba 42, ukipata mtu anayekuja huku.

Baba yako