Mkuu, usiweke PMSF kwenye sampuli ya pierisini!

Simama hapo hapo kabla hujasaga hao viwavi. Umeandika kwamba utawasaga kwenye bafa yenye PMSF na vizuizi vingine vya proteazi (vimeng'enya vinavyokata protini), halafu utaongeza tripsini, ambayo nayo ni proteazi, halafu NAD, upime kama DNA imebadilishwa. Kwa mpango huo utapata sifuri, kisha utaripoti kwamba wadudu wako hawana kimeng'enya.

Pierisini-1, sumu ya protini ya kipepeo mweupe wa kabichi, Pieris rapae, ina kilodaltoni 98 hivi. Kipande cha mbele, kilodaltoni 27, ndicho kimeng'enya chenyewe: huchukua ADP-ribosi kutoka kwenye NAD na kuibandika kwenye guanini ya DNA. Kile cha nyuma, kilodaltoni 71, hushika Gb3 na Gb4, mafuta yenye sukari yaliyo kwenye utando wa seli, ili sumu ipenye. Protini ikiwa nzima, kipande cha mbele kimezuiwa. Tripsini ikikata kwenye arginini ya 233, ndipo kinafanya kazi. Sasa PMSF hung'ang'ania serini ya tripsini na haiachii tena. Umemwita fundi, ukamfunga mikono mlangoni.

Wanaoniudhi ni hawa wanaosambaza maelekezo ya jumla kwamba kila sampuli ya mdudu lazima iwekewe vizuizi, bila kuuliza unapima nini. Mtu anachoma NAD na tripsini alizosubiri kwa wiki kadhaa zifike Mwanza, kwa sababu ya mstari mmoja walionakiliana.

Proteazi za kuogopa ziko kwenye utumbo, kwa hiyo toa utumbo. Chukua kiwavi wa hatua ya 5 au pupa mchanga, maana hapo ndipo pierisini huwa nyingi. Mpasue juu ya barafu, vuta utumbo mzima bila kuutoboa, kusanya tishu ya mafuta. Barafu ya mwaloni Kirumba inatosha, ila iwe ndani ya mfuko, maji yake yasiguse sampuli.

Kwenye kukata usikimbie. Kama protini umeisafisha, anza na tripsini sehemu 1 kwa protini 50 kwa uzito, nyuzi 37, na utoe sampuli dakika ya 10, 30 na 60. Kimiminika ghafi kina vizuizi vyake vya asili, kwa hiyo jaribu hadi 1 kwa 10. Pitisha kwenye jeli ya SDS, ile sabuni inayoachanisha vipande vya protini: mstari wa 98 upungue, wa 71 na wa 27 itokee. Bila SDS vipande hubaki vimeshikana, usidhani havijakatika. Ukishaona mistari hiyo, hapo sasa weka kizuizi cha tripsini cha soya. Usichemshe, utaua kimeng'enya pamoja na tripsini.

NAD isiguse mrija kabla jeli haijakuonyesha mstari wa 27. Hilo tu nakusihi.

Mmenyuko wenyewe ni mwepesi: Trisi milimola 50 ya pH 8, NaCl milimola 100, NAD milimola 1, DNA, nyuzi 37, saa moja. Magnesiamu haihitajiki. EDTA milimola 1 itazuia nyukliazi, vimeng'enya vinavyokata DNA, lakini iweke baada ya kukata, kwa kuwa EDTA hunyakua kalsiamu na tripsini hudumu vizuri ikiwa nayo. Usipime kwa mwanga wa nanomita 340, unaotumika kuona NADH. Hapa hakuna NADH inayotengenezwa, mashine haitaona kitu. Vunja DNA hadi nyukleosidi, utafute guanini iliyobandikwa kwa HPLC, mashine inayotenganisha kemikali. Vaa glavu, maana nanogramu chache kwa mililita huua seli za HeLa.

Halafu hao wa bustani za kabichi za Igombe: kiwavi mdogo wa kijani anayejinyonganyonga ukimgusa na kuning'inia kwa uzi ni Plutella, nondo. Na wale vipepeo wa njano wa Catopsilia wako kwenye nusu-familia ambayo utendaji huu haukuonekana. Usiwatumie kama ushahidi wa chochote.

Mirija minne kila mara: isiyo na tripsini, isiyo na NAD, yenye tripsini peke yake, na yenye kimeng'enya kilichochemshwa.