Usimwamini fundi anayekwambia "dayodi ni dayodi"

Jumanne usiku nimepata ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa kijana mmoja wa upande wa Tororo, fundi kama mimi, ana kibanda chake cha redio na simu. Ametuma picha ya bodi ya chaja ya betri, sehemu moja imeungua hadi imekuwa nyeusi, chini ameandika: "Kaka samahani kwa usumbufu, hii dayodi nimebadilisha mara tatu, naweka mpya kabisa, dakika tano tu inachemka inakufa, mwenye chaja ameanza kusema nimemtolea spea zake, nifanye nini?"

Nimevuta picha karibu nikasoma namba ya hiyo dayodi, ile spea ndogo inayopitisha umeme upande mmoja tu. 1N4007. Nikakaa na simu mkononi muda mrefu kabla sijamjibu, manake hiyo namba mimi nina historia nayo, na leo ntawaambia yote kwa sababu najua wengi mnaonisoma mnataka kufungua karakana zenu na mnafundishwa na watu kama yule aliyenifundisha mimi.

Nilijifunza kazi hapa Busia kwa fundi mmoja mkubwa, jina lake nitaliacha. Alikuwa na mkono mzuri wa kulehemu, hilo siwezi kumnyima, lakini kwenye meza yake kulikuwa na kopo la maziwa ya unga limejaa dayodi nyeusi zilizokatwa kwenye bodi za zamani, karibu zote 1N4007, na kila kazi ikija mkono unaingia kwenye kopo. Ukimuuliza hii inafaa hapa? Anakujibu, "Dayodi ni dayodi, inapitisha upande mmoja inazuia upande mwingine, weka."

Sasa siku moja wakaja wavuvi kutoka Majanji, kando ya Ziwa Victoria, wale wanaovua mukene (dagaa) usiku kwa taa. Kama hujawahi kuona hiyo kazi, mukene wanafuata mwanga, kwa hiyo mvuvi anaingia ziwani zile siku ambazo mwezi haupo, anawasha taa juu ya maji, wanakusanyika. Mwezi ukishakuwa mkubwa taa haina nguvu tena juu ya maji, unakaa nyumbani unashona nyavu. Hawa walikuwa na paneli ya sola ya wati 50, betri ya volti 12 na taa za LED, na shida yao ilikuwa betri inapungua usiku hata taa zikiwa zimezimwa. Nilipima nikaona dayodi ya kati ya paneli na betri imeshika pande zote mbili, yaani usiku paneli ikikosa jua, betri inarudisha umeme kwenye paneli. Ile iliyokufa ilikuwa nene, ya Schottky (aina nyingine ya dayodi, nitaieleza mbele), ya ampea 5. Nikamwambia bosi hatuna kama hii. Akanijibu vile vile, weka.

Nikaweka 1N4007. Ilikuwa jioni, jua limelegea, tukajaribu, betri inachaji, kila kitu kizuri, wakalipa wakaondoka wakiwa na furaha.

Paneli ya wati 50 jua likiwa la saa sita mchana inatoa karibu ampea 3. 1N4007 inabeba ampea 1. Mimi sikujua, hakuna aliyeniambia kwamba hiyo namba ina kipimo nyuma yake. Kesho yake mchana ikachemka ikakatika ndani, betri haikupata kitu siku nzima, na wale wazee wakaingia ziwani wakijua betri imejaa. Taa zikawazimikia katikati ya kazi.

Walirudi baada ya siku mbili. Yule mzee wao hakupiga kelele, alisema tu, "Mwanangu, giza la mwezi huu limeisha hivyo." Na bosi wangu, ambaye alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwangu siku ile, akasimama mbele yao akasema kazi hiyo aliishika kijana, yeye hakuwepo. Nikakatwa pesa ya wiki tatu. Mwezi uliofuata nikaondoka na bisibisi zangu mbili na mita mbovu. Imepita miaka na bado nikiona paneli juu ya mtumbwi kuna kitu kinanikaba hapa kooni, pesa nilishaisahau, ni yale maneno "mimi sikuwepo".

Miaka iliyofuata sitawachosha nayo. Nilinunua simu yenye intaneti, nikaanza kutafuta karatasi ya data ya kila spea niliyoshika, usiku baada ya usiku, na leo karakana ni yangu na wavuvi ni wateja wangu wakubwa.

Kitu cha kwanza nilichojifunza ni kwamba dayodi ina maswali matatu, na ukikosa moja tu umeunguza: inabeba ampea ngapi, inavumilia volti ngapi zikija kinyume, na inafunga kwa kasi gani. Chukua familia ya 1N4001 hadi 1N4007, kwa macho ni mapacha, zote ampea 1, lakini 4001 inavumilia volti 50 kinyume, 4004 volti 400, 4007 volti 1000. Umeme wetu wa ukutani ni volti 240, lakini hiyo ni aina ya wastani tu, kilele chake kinafika karibu 340. Weka 4001 hapo utasikia mlio. Ukitaka mzigo mkubwa zaidi kuna 1N5408, ampea 3 na volti 1000, miguu yake minene huwezi kuikosea. Hizi ni za kugeuza umeme wa kwenda na kurudi uwe wa kwenda tu, na kazi hiyo zinaifanya vizuri sana, ziwe mbili, au nne zilizoungwa pamoja kuwa daraja, sina ugomvi nazo.

Shida ni kasi, na hapa ndipo alipokwama kijana wa Tororo. Umeme wa ukutani unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, ni mwendo wa polepole, 1N4007 ina muda wa kufunga mlango. Lakini chaja za siku hizi, zile nyepesi zisizo na transfoma kubwa ya chuma, ndani yake umeme unakatwa mara makumi ya maelfu kwa sekunde. Dayodi ya kawaida ikiambiwa funga, kabla haijamaliza kufunga inaambiwa fungua, kwa hiyo kila mzunguko kuna umeme unaorudi nyuma kupitia mlango uliobaki wazi, na huo wote unageuka moto. Ndio maana inakufa hata kama ni mpya na hata kama ampea zinatosha. Pale panataka dayodi ya haraka, FR107 inafunga ndani ya nanosekunde 500 (nanosekunde ni sekunde moja ukiigawa mara bilioni), UF4007 nanosekunde 75, au upande wa volti ndogo unaweka ya Schottky.

Schottky ni jina la mwanafizikia wa Ujerumani, Walter Schottky, na dayodi zake nazipenda kuliko zote. Ya kawaida ya silikoni inakula karibu volti 0.7 kila umeme unapopita, na mzigo ukiongezeka inakaribia 1. Ya Schottky inakula 0.3 hadi 0.5 hivi. Utasema ni kidogo, lakini piga hesabu ya wale wavuvi: ampea 3 mara volti 1 ni wati 3 zinazopotea kama joto ndani ya kitu kidogo kuliko punje ya maharage. Ila nayo ina udhaifu wake, volti za kinyume inavumilia chache na inavujisha kidogo ikipata joto. 1N5819 ni ampea 1 na volti 40, kwenye chaja ya simu ya volti 5 inakaa vizuri, kwenye chaja ya volti 12 usiiweke, tafuta ya volti 100, manake volti za kinyume ambazo transfoma inarudisha ni nyingi kuliko zile unazopima kwenye betri.

Dayodi ya Zener, au zena, ni habari ingine kabisa, hiyo inaingizwa kinyume makusudi. Volti zikifika kiwango chake inafungua na kushikilia hapo hapo, 1N4733 inashika 5.1, 1N4742 inashika 12. Vijana wa boda wanaleta sana kazi za kuchaji vitu vidogo kwenye pikipiki, na fundi anaweka zena bila resista (spea inayobana umeme), ikikutana na betri inakufa hapo hapo. Ukiweka resista, pigia hesabu injini ikiwa inanguruma, manake betri ya volti 12 ikichajiwa inapanda hadi 14.4. Toa 5.1 inabaki 9.3, gawa kwa omu 100 unapata kama miliampea 93, na resista inabeba karibu wati 0.87, kwa hiyo nunua ya wati 2. Ile ya robo wati unayoizoea itawaka. Na hiyo ni ya kitu kidogo kama taa ya dashibodi, simu haiwezi kuchajiwa hivyo, nawaomba msijaribu.

Jambo lingine, zena ndogo ya kioo na 1N4148 (dayodi ndogo isiyo zena) zinafanana kama maji, na mita haikutofautishii, zote zinasoma 0.6 na kitu. Soma maandishi kwa lenzi au kwa kamera ya simu. Na ukipima dayodi inyanyue mguu mmoja kutoka kwenye bodi, usipime ikiwa imekaa, spea za jirani zinakudanganya. Nzuri inasoma upande mmoja tu, 0.5 hadi 0.7 kwa ya kawaida, 0.15 hadi 0.3 kwa Schottky. Ikisoma pande zote imeshika, isiposoma kokote imekatika. Ule mstari mwilini mwake ni kathodi, mahali umeme unapotokea.

Kuna kazi moja ntaisema kwa sababu najivunia. Mama mmoja anayetotolesha vifaranga aliniletea mashine ya mayai ambayo mafundi wawili walishaishindwa, kila baada ya siku chache transista inayowasha rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya joto inakufa, wao wanabadilisha transista wanakula pesa. Nilifungua nikatafuta dayodi juu ya koili ya rilei, yaani waya uliozungushwa ndani yake, hakuna. Koili ukiikatia umeme ghafla inarusha volti kinyume zinazoweza kupita mamia, na transista kama BC547 mwisho wake ni volti 45. Niliweka 1N4007 moja, ile ile ninayoilalamikia, mstari ukiangalia chanya, kwa hiyo ule mrusho unazunguka ndani ya koili hadi uishe. Hiyo mashine inatotoa hadi leo, na yule mama ananiletea mayai kila Pasaka.

Kwa hiyo ndugu zangu, hasa nyinyi mlio chini ya mabosi, someni namba. Nunua daftari la kurasa 48, kila dayodi unayotoa andika namba yake, ampea zake, volti zake, na ilikuwa inafanya nini pale. Usikubali mtu akwambie dayodi ni dayodi hata kama ana mvi, na kama huna inayofaa mwambie mteja subiri kesho, atakasirika leo lakini atarudi. Na wewe unayefundisha watoto wa watu, simama mbele ya mteja ukubali kosa la karakana yako, hilo pia ni sehemu ya ufundi.

Kijana wa Tororo nilimwambia asinunue, atafute adapta mbovu ya laptopu, upande wa kutokea mara nyingi kuna Schottky yenye miguu mitatu imefungwa kwenye bati la kupoza joto, asome namba, akihakikisha ni ya volti 100 aitumie, na bati lake asilitupe. Jana jioni ametuma picha, chaja imewaka tangu asubuhi na anaweka kidole juu ya bati bila kutoa mkono. Alafu akaniuliza zile 1N4007 mbili alizotoa mwanzo, zenye madoa ya kuungua lakini mita bado inazisoma, azirudishe kwenye boksi la spea?

Nimemwambia azikate miguu leo leo.